Taima ya kuzungusha kwa mkono: miezi 3 nikiitumia kuanza kazi niliyoiahirisha miaka 4

Jamani naomba niandike kwa urefu kidogo kuhusu hii taima, yaani kidude cha kupimia dakika, maana nilipokuwa natafuta ya kununua nilisoma maoni mengi sana ya watu na karibu yote yanaishia "nzuri, inalia vizuri" basi, wakati mimi nilichotaka kujua ni kitu kingine kabisa, nilitaka kujua kama hiki kidude kinaweza kumsaidia mtu ambaye siku yake imejaa pomoni na ana kazi moja kubwa ya moyoni ambayo kila mwaka anasema mwaka huu naanza halafu haanzi. Nimeitumia wiki 12 kamili sasa kwa hiyo ninalo la kusema.

Kwanza niseme hiyo kazi ni ipi ili mnielewe. Miaka 4 iliyopita nilimrekodi baba yangu kwa simu akisimulia maisha yake, tulikaa siku kadhaa mfululizo yeye anaongea mimi nasikiliza, jumla zilifika saa 7 na dakika 40. Nilikusudia kuziandika zote neno kwa neno, wanangu wazisome na watoto wa ndugu zangu wazisome. Baba bado yupo, namshukuru Mungu, ila sauti aliyonayo sa hivi si ile ya kwenye rekodi, imepungua, na humo ndani anataja majina ya watu ambao ni yeye peke yake anaweza kuniambia walikuwa nani. Yaani nilijua kabisa kwamba hii kazi ina muda wake na bado siku zilikuwa zinapita tu.

Zilikuwa zinapita kwa sababu hakuna aliyekuwa ananidai. Kazi ya ofisini ina bosi wa kuulizia, ada ya shule ina tarehe, nguo chafu zinakutazama hapo hapo zilipo, mtoto akiumwa huwezi kusema subiri, lakini rekodi za baba zimekaa ndani ya simu kimya hazimpigii mtu kelele, ukizisogeza mbele wiki moja hakuna kinachoharibika siku hiyo. Ndiyo maana mambo makubwa ya maisha yetu ndiyo yanakaa mwisho wa foleni kila siku, si kwamba hatuyapendi. Mimi hizi rekodi nazipenda mno mpaka nikawa naogopa kuzigusa vibaya, nasema nisubiri Jumamosi moja iliyo tupu nikae nitulie nizifanyie kazi inavyostahili. Jumamosi tupu haikuja. Miaka 4 haikuja hata moja.

Nilishajaribu simu. Kila mtu ataniuliza kwani simu si ina taima ndani, ya nini kununua kidude kingine, na ni swali zuri kwa hiyo nalijibu. Nilikuwa naweka alamu kwenye simu, dakika 30, naishika ili nibonyeze, naona meseji 6 za grupu la shule, najibu moja tu ya haraka, hapo hapo kuna ya ofisini, naisoma nasema hii nitaijibu nikifika, naweka simu chini naanza kusikiliza rekodi lakini akili yote iko kwenye ile meseji ya ofisini nawaza nitajibu nini. Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy aliyeandika mwaka 2009 kuhusu hiki kitu, kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya akili inabaki kule kule nyuma na ile kazi mpya inapata mabaki tu. Nilipoelewa hilo nikasema basi, mimi na dakika zangu chache siwezi kuziingiza kwenye mlango ule ule unaopitisha ofisi na grupu la shule. Rekodi zenyewe nikazihamishia kwenye laptopu, nikazima intaneti, na simu ikabaki chumbani kwenye chaji. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kupima muda.

Sasa taima yenyewe. Ni ya duara, inajaa kiganja, ya plastiki, ina namba kuanzia 0 mpaka 60 zikiruka tano tano, haina betri wala vitufe wala kioo cha kuwaka. Ndani ina springi na gia, unapoizungusha unakuwa unaikaza ile springi, ukiachia inaanza kujirudisha yenyewe polepole tik tik tik mpaka ifike 0 halafu inapiga kengele ya kweli ya chuma, krrrring, sekunde kama 4 hivi na inanyamaza. Kuna jambo moja ambalo maelezo kwenye boksi yameliandika kwa herufi ndogo sana na watu wengi wanalikosa halafu wanalalamika mbovu: usiizungushe moja kwa moja mpaka kwenye dakika unazotaka, izungushe kwanza mpaka 60 mwisho halafu irudishe nyuma kwenye 10 au 25. Usipofanya hivyo springi haijakazika vya kutosha, itakwama njiani au itafika 0 bila kulia. Mimi siku ya pili ilinifanyia hivyo nikataka kuirudisha dukani.

Kile kitendo cha kuzungusha ndicho nilichokinunua, kiukweli. Sijui nielezeje. Ni kwamba kuanza kazi ya rekodi za baba kulikuwa ni jambo kubwa kichwani, lina uzito, lina huzuni ndani yake, lina woga wa kwamba nitaharibu. Kuzungusha taima ni kitu cha sekunde 2 hakina woga wowote, mkono unafanya tu, na ukishaachia ile tik tik imeanza, imeanza, haina kupause, haikuulizi una uhakika, dakika zinaondoka nawe umekaa hapo unazitazama, kwa hiyo unabonyeza pley unaandika. Nimekaa miaka 4 nikidhani shida yangu ni muda na kumbe shida ilikuwa ni kizingiti cha mlango.

Wengi mtakuwa mnaijua ile njia ya pomodoro, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, ukimaliza vipindi vinne unapumzika zaidi, dakika 15 mpaka 30. Aliyeianzisha ni Francesco Cirillo, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, taima aliyotumia ilikuwa ya jikoni yenye umbo la nyanya na pomodoro ni nyanya kwa Kiitaliano. Ila kinachonigusa kwenye habari yake si zile 25, ni kwamba alipoanza hakuanza na 25, alijiwekea dau aweze kusoma kweli kweli dakika 10 tu. Kumi! Watu wanaisimulia hii njia kama ratiba ya mtu mwenye siku nzima ya kujipangia, vipindi vinne asubuhi vinne mchana, na sisi wenye siku za watu wengine tunasoma tunaona haituhusu tunaachana nayo. Wakati chanzo chake ni mtu aliyekuwa hawezi kukaa chini.

Kwa hiyo wiki ya kwanza niliweka 10. Siku ya kwanza ndani ya dakika 10 niliandika sentensi 7. Baba akitaka kuanza kisa huwa anasema "basi bwana" halafu ananyamaza kidogo, unasikia kiti kinalia, halafu ndiyo anaendelea, na siku ile nilikuwa naziruka hizo "basi bwana" naona zinajaza nafasi tu. Kengele ikalia. Nilikuwa katikati ya sentensi, nikaiacha hapo hapo, nikaenda kuamsha watoto. Siku nzima ofisini ile sentensi ilikuwa inanivuta, nikawa nasikia kile kiti kikilia, na jioni nikajua kwamba zile "basi bwana" lazima zirudi zote, ndizo zenye pumzi yake. Hilo wazo nisingelipata kwa kusubiri Jumamosi tupu.

Wiki ya tatu nikapanda mpaka 25 na hapo ndipo nilipobaki. Mara 4 kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla nyumba haijaamka. Mapumziko ya dakika 5 na kurudia tena sikuyafanya, sina hiyo nafasi, taima moja inatosha naifunga kazi.

Niwe mkweli hapa kwa sababu naona watu wanauza hivi vitu kana kwamba vinazaa muda. Taima haizai muda. Zile dakika 25 nilizitoa mahali. Kabla ya kuinunua nilichukua karatasi nikaandika wiki nzima kila nusu saa nilikuwa nafanya nini, siku 7, na kusema kweli sikuona saa iliyokaa bure, kazi ni kazi, watoto ni watoto, njiani ni njiani. Nilichoona ni kwamba usiku watoto wakishalala nakaa na simu kitandani kuanzia kama saa nne mpaka saa tano na zaidi, nimechoka sana hata sielewi ninachokitazama, na hiyo karatasi iliandika hivyo hivyo siku 6 kati ya 7. Ule muda haukuwa wa kuandikia rekodi, nilikuwa mchovu mno, ila ungeweza kuwa wa kulala. Kwa hiyo nimehamisha: simu naiacha mbali saa nne kasorobo, nalala, naamka mapema na akili mpya. Kwa mwenye mtoto mchanga au anayefanya shifti za usiku hii ya alfajiri sidhani kama itamfaa na asijilazimishe, usingizi ukiupunguza kila siku mwili utakudai tu. Ila ile karatasi ya siku 7 naisihi kwa mtu yeyote, ifanye kabla hujanunua chochote.

Kingine nilichojifunza ni kwamba "nitaamka mapema nifanye" haifanyi kazi, inatakiwa iwe na ndoano ya kuning'inia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana juu ya hili, makala yake inayojulikana ni ya mwaka 1999, kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa ikitokea hivi basi nitafanya hivi, anatekeleza zaidi kuliko anayesema nimeazimia tu. Yangu ni hii: nikishanawa uso, nakaa mezani nazungusha taima. Sifungui kwanza laptopu, sisomi nilipoishia, nazungusha kwanza. Taima inalala usiku juu ya laptopu iliyofungwa, kwa hiyo siwezi kuifungua bila kuishika.

Matokeo sasa, maana najua ndiyo mnayotaka. Wiki 12 mara 4 ni vipindi 48, mimi nimefanya 39. Vile 9 vilipotea, mtoto aliumwa wiki moja nzima, kulikuwa na safari ya kazi, na siku 2 nilizima tu alamu nikalala. Kipindi kimoja cha dakika 25 kinanipa kama dakika 4 za rekodi zilizoandikwa safi, vile vya 10 vya wiki 2 za mwanzo vilinipa kidogo zaidi, kwa hiyo nimeshaandika kama saa 2 na robo kati ya zile 7 na 40. Kabla sijaanza niliamini kabisa kwamba saa moja ya rekodi nitaiandika kwa saa 2. Inachukua saa 6! Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza hili tangu mwaka 1979, kwamba watu tukikadiria kazi zetu wenyewe tunaikadiria ile hali ambayo hakuna kinachoharibika, hatuangalii kazi kama hizo huwa zinachukua muda gani kwa kawaida. Mimi naona hapo ndipo wengi tunapokatia tamaa, unaanza, unaona mwendo ni wa konokono, unadhani wewe ndiye mzembe. Taima imenipa kipimo changu cha kweli. Sasa najua nahitaji vipindi kama 120 kwa jumla, nimeshafanya 39, na kwa mwendo huu nitamaliza ndani ya miezi kama 5 na nusu au 6 mbele. Miaka 4 nilikuwa sina hata tarehe ya kuikisia.

Na nimeshampelekea baba kurasa za mwanzo. Nilimsomea mimi mwenyewe maana macho yamechoka. Alinisimamisha mara 3 kunirekebisha majina, moja nililiandika la mtu mwingine kabisa.

Haya kasoro zake, na zipo. Ya kwanza ni kelele. Ile tik tik usiku au alfajiri nyumba ikiwa kimya inasikika mpaka chumba cha pili, mume wangu wiki ya kwanza aliniuliza mama, hiyo saa gani inapiga hivyo, kwa hiyo naikalisha juu ya taulo lililokunjwa mara mbili na kelele inapungua sana. Kuna ambao hiyo tik tik itawachanganya kabisa, mimi kwangu imekuwa kama mtu aliyekaa pembeni ananisubiri, lakini najua si wote. Ya pili, haiko sahihi kwa dakika. Niliipima na saa ya simu mara 5 nikiiweka 25, ikalia kati ya dakika 24 na nusu na 26 na kidogo. Kwa kazi kama yangu haina shida, kwa mtu anayepima mtihani wa mwanafunzi asiitumie. Dakika za chini ya 5 ndiyo usitegemee kabisa. Ya tatu, sumaku ya nyuma ni dhaifu, niliibandika kwenye mlango wa friji ikateleza ikaanguka, na tangu siku hiyo kengele inalia kwa kukwaruza, haijafa ila si ile ya mwanzo. Mtengenezaji angeweka sumaku mbili tu isingetokea. Nimewaandikia walioniuzia kuuliza kama wanabadilisha, wiki ya 3 hii sijajibiwa, na hilo limenikera kusema kweli kwa sababu kabla ya kununua walikuwa wananijibu ndani ya dakika 5.

Nilishaazima na aina nyingine kwa hiyo niseme kidogo. Za vitufe zenye kioo ni sahihi kwa sekunde na hazina tik tik, ila lazima ubonyeze mara nyingi kufika 25 na betri ikiisha siku ile ndiyo umepata sababu ya kutofanya. Ile ya mchanga ni tulivu na nzuri kutazama lakini haikuiti, lazima uitupie jicho kila saa kujua kama imeisha, na dakika zake ni zile zile huwezi kubadilisha, ila kwa anayefanya sala au kusoma kimya naona itamfaa kuliko yangu. Zile zenye duara la rangi linaloliwa kadiri muda unavyopungua ni nzuri mno kwa watoto, wanaona muda kwa macho bila kujua kusoma saa, na mtu mzima asiyetaka tik tik naye angeanzia hapo.

Ambaye simshauri kuinunua ni yule ambaye bado hajajua kazi yake ni ipi. Nasema kwa upendo. Rafiki yangu aliiona kwangu akanunua siku hiyo hiyo, akaandika malengo 5, lugha, mazoezi, biashara, kusoma, na kozi moja ya mtandaoni, kila moja dakika zake, baada ya wiki 2 taima iko kabatini. Nilimwambia achague moja ile ambayo akiwaza hajaifanya inamuuma, nyingine zisubiri. Amechagua biashara, sasa anafanya hesabu zake dakika 20 kabla hajafungua ofisi na mara ya mwisho tulipoongea alikuwa wiki ya 4.

Nyota 4 kati ya 5, moja imebaki kwa ajili ya ile sumaku na huduma baada ya mauzo. Ukienda kununua usikubali kuinunua ndani ya boksi, iombe mkononi, izungushe mpaka 60, irudishe kwenye 5, kaa hapo hapo usikilize mpaka ilie, msikilize na muuzaji atakavyokuvumilia hizo dakika 5. Angalia namba zimechongwa au zimepakwa rangi tu maana za kupaka zinafutika kwa jasho la vidole, yangu 25 imeshaanza kufifia na 10 haionekani kabisa.